Sauti ya Bi Mtama

Utemini, Singida
Ijumaa, alasiri

Mwanangu Leya,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumjulia hali unayemwandikia, ndipo ueleze ya kwako. Hali yako naijua. Uko nje nyuma ya jiko, unawaonyesha watoto wa jirani viatu vyako vipya na kuwakataza wasiviguse. Ya kwangu ni kwamba nimekaa kwenye mkeka na daftari langu la darasa la saba. Kurasa za mwisho zilibaki tupu, ndizo hizi.

Sitakuandikia habari za kuosha miguu kabla ya kulala wala za kusalimia wakubwa. Hayo bibi yako amekuambia tangu asubuhi, hadi umeanza kumjibu kabla hajamaliza. Kesho alfajiri baba yako, aliyefikia nyumba ya wageni hapa mjini, atakuja kukuchukua, mpande basi la Nzega, kisha mwende kwake Shinyanga kwenye kiwanda cha pamba, ukaanze shule. Barua hii nilikusudia kumpa yeye aitunze mpaka utakapojua kusoma vizuri. Ndivyo nilivyopanga jana.

Asubuhi, nilipokuwa nakusuka, uliniuliza, "Mamdogo, basi linapita Misigiri?"

"Linapita."

"Basi nitamwambia baba tushuke kidogo, nimwone mama. Halafu tupande tena."

Niliendelea kusuka. Nadhani nilikuvuta nywele, maana ulisema "Aii!" na mimi nikasema pole. Ulipokwisha kusukwa ulikwenda kumwambia bibi habari hiyo hiyo, naye akageuza uso akapepeta uwele uliokwisha kupepetwa.

Kwa hiyo naandika. Mama yako, Esta, dada yangu wa tumbo moja, alikufa. Ni miaka minne sasa.

Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili, nikaendelea kuandika. Nilidhani nitashindwa. Tangu kipindi kile mambo mengi yananipita kama mtu anayeguswa akiwa amevaa koti zito. Najua nimeguswa, basi. Siyo ugumu wa moyo, au labda ni huo huo, sijui. Nakuambia ili kesho kituoni ukiniona nimesimama tu usidhani sikupendi.

Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako. Ndiyo sababu nimeanza barua kwa kukuita mwanangu nikiwa na miaka kumi na saba na sijazaa. Lakini kuna jambo kuhusu neno hilo ambalo hulijui, na siwezi kulieleza bila kuanza na vibuyu.

Unalijua sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha bibi. Unadhani Bi Mtama alizaliwa humo. Hapana. Mwaka mmoja au miwili baada ya Azimio la Arusha, nikiwa na miaka tisa, alikuja shuleni kwetu Mwalimu Gideoni. Alikuwa mrefu, mwembamba, na suruali zake zilikuwa fupi kila mara. Huko chuoni alikosomea ualimu alikuwa na rafiki mtu wa pwani aliyemfundisha kuchezesha sanamu ndogo za mkono nyuma ya kitambaa. Rafiki huyo aliziita vikaragosi. Mwalimu akalibeba neno hilo akaja nalo Singida, ambako hakuna aliyelijua.

Mbao laini za kuchongea hatukuwa nazo. Tulikuwa na vibuyu. Mwalimu alichagua vidogo vyenye shingo, akavikata chini ili kidole kiingie, akachoma macho na mdomo kwa msumari wa moto. Mama yako ndiye aliyevivika. Alikuwa ameolewa, baba yako yuko kazini mbali na anakuja kwa likizo, na wewe ulikuwa bado. Vitambaa alivipata kwa Saidi, fundi cherehani wa barazani, vile vipande vinavyoanguka chini ya mashine. Saidi hakukubali kutoa vipande bure. Alitaka naye acheze.

"Mimi nina sauti ya bwana mkubwa," alisema. "Nipeni bwana mkubwa."

Akapewa Kupe. Kupe kilikuwa kibuyu kikubwa kuliko vyote, tumbo tupu, kimepakwa udongo mwekundu. Kazi yake ilikuwa kula asichokilima. Esta alikuwa Bi Mtama, mama mwenye nywele za katani. Mimi nilipewa Kadogo, mtoto mtundu anayeuliza maswali mabaya.

Hapo watu walishangaa. Mimi nilikuwa mtoto ambaye mwalimu akimwita mbele ya darasa anaangalia kidole gumba cha mguu mpaka kengele ilie. Wageni walidhani ni bubu. Lakini nyuma ya kitambaa, mkono juu, uso hauonekani, Kadogo alimjibu Kupe maneno ambayo mimi ningechapwa kwayo. Sikujisikia kuwa ninaongea. Nilijisikia kuwa nimeshika mtu anayeongea.

Mchezo wa kwanza, uwanjani pa shule, watoto wadogo walikimbia. Kwao kibuyu chenye macho ni kitu cha mganga. Mama mmoja alimvuta mwanawe nyuma akasema, "Hivyo vibuyu vina dawa gani ndani?"

Saidi alitoa kichwa juu ya kitambaa, jasho linamtoka. "Dawa yake ni kucheka, mama. Ukizidisha unaharisha."

Wakarudi. Kuanzia hapo hatukukosa watu. Kupe alitokea akiwa amelala, anakoroma, kisha anaamka na kuuliza, "Shamba hili amelima nani?"

"Siiisi!" watoto walijibu.

"Atakayekula ni nani?"

"Siiisi!"

"Eti nini? Shule hii inafundisha vibaya!"

Kisha Bi Mtama alitokea. Hakutokea kwa kelele. Alipanda polepole, akawaangalia watoto upande mmoja hadi mwingine, na kila mara neno lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Mwanangu, umekula?"

"Baaado!" walisema wote, hata waliotoka kula sasa hivi.

Tulicheza Utemini, tukacheza sokoni, tukaanza kualikwa vijijini siku za Jumamosi. Tulipanda malori ya pamba na ya vitunguu, sanduku la bati katikati yetu. Ulipozaliwa ulikwenda nasi mgongoni kwa mama yako. Alikuwa anakubeba mgongoni huku mkono mmoja umemwinua Bi Mtama, na ukilia, Bi Mtama aligeuka nyuma akakuambia unyamaze. Watu walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Hukumbuki, lakini wewe ulikuwa ndani ya kikundi kile tangu ukiwa na miezi mitatu.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nimelizunguka vya kutosha.

Ulikuwa na miaka mitatu. Tulialikwa kijiji kipya karibu na Misigiri, nyumba zimejengwa mistari miwili, udongo wa kuta bado mbichi. Wewe ulikuwa na kikohozi, ukaachwa na bibi. Ilikuwa mara ya kwanza Esta kwenda bila wewe, na njiani alikuwa anagusa mgongo wake kama mtu aliyesahau kitu.

Tulicheza vizuri. Watu walikuwa wengi. Mchezo ulipokwisha, Mwalimu alikwenda kutafuta maji ya kunywa, Esta akawa anakunja nguo, mimi niko bado nyuma ya kitambaa navua vibuyu vidoleni. Akaja ndugu mmoja katibu wa chama, kijana, na daftari mkononi. Hakuwa mtu wa kijiji kile. Alikuwa anazungukia mashamba. Alikuwa na haki ya kuuliza, na aliuliza kwa adabu.

"Ninyi ndugu ni akina nani?"

Saidi, ambaye hajapata kuulizwa swali asilifurahie, alijibu, "Sisi ni vikaragosi kutoka Utemini, ndugu."

"Vikaragosi?"

"Ndiyo, ndugu."

"Vikaragosi wa nani?"

"Vya Mwalimu Gideoni. Ndiye anayechezesha. Akisema cheza, panachezwa."

"Na yeye Mwalimu anachezeshwa na nani?"

Saidi alicheka. Alidhani ni utani. "Yule? Na njaa tu, ndugu."

Katibu hakucheka. Aligusa kitambaa. Kilikuwa kizuri, kizito, cha bluu. "Hiki mmekitoa wapi?"

"Cha misheni. Tulipewa na sista mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao."

Nikasikia daftari likifungwa.

Leya, wewe utasoma Kiswahili shuleni na utafundishwa mambo haya, kwamba kitu ni kikaragosi *cha* fulani, na mtu anayetumwa na adui ni kikaragosi *wa* adui. Redio ya siku zile ilisema neno hilo kila jioni: vibaraka na vikaragosi wa mabeberu. Huku kwetu neno hilo watu walilijua kwa redio tu. Katibu alisema "wa". Saidi alijibu "vya". Katibu alikuwa anauliza habari za watu na Saidi alikuwa anajibu habari za vibuyu. Wengi wetu huku tunajifunza Kiswahili juu ya lugha ya nyumbani, hatujali sana "wa" na "vya". Tunaelewana tu.

Mimi niliisikia tofauti. Nilikuwa mtoto wa kwanza darasani kwa sarufi. Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma ya kitambaa, na nilijua kabisa kwamba watu wawili hawa hawazungumzi jambo moja. Sentensi niliipanga kichwani: "Samahani ndugu, yeye anasema vibuyu." Maneno matano. Kadogo angeyasema akiwa anapiga makofi. Lakini Kadogo nilikuwa nimeshamvua, nilikuwa nimemshika mkono wa kushoto kama kibuyu kingine chochote, na kutoka nyuma ya kitambaa na uso wangu sikuweza. Niliangalia kidole gumba cha mguu.

Mwalimu aliporudi na ndoo ya maji, sanduku lilikuwa limefungwa kamba. Alieleza vizuri sana. Alisema ni neno la watu wa pwani, lina maana ya sanamu ya kuchezea.

"Pwani ndiko mabeberu walikoshukia," alisema katibu.

Hatukupigwa. Hatukutukanwa. Niandike hivyo kwa haki. Mwalimu alitakiwa aende na katibu akaeleze kwa wakubwa, na vibuyu vibaki ofisini mpaka vichunguzwe. Saidi akaambiwa anipeleke nyumbani kwa lori la jioni. Esta alikataa kuondoka.

"Hivyo ni mikono yangu," alisema. "Siendi nyumbani bila mikono yangu. Siku mbili tu. Rehema, mwangalie Leya."

Nilimwambia sawa. Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia dada yangu, na nilimwambia nikiwa tayari juu ya lori, nikiangalia chini.

Mvua ilianza siku ile usiku, na haikukoma wiki nzima. Barabara ilikatika huku na huku. Alilala kwenye nyumba ya ukuta mbichi. Homa ilimpata siku ya tatu. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto uliojaa. Tulipata habari siku ya tisa, na kwa kuwa njia hazipitiki, walikuwa wamekwisha kumzika. Baba yako alipofika kutoka kazini alikuta kaburi tu. Wanakijiji waliocheka na kutupigia makofi ndio waliochimba, na katibu naye alishika jembe. Baadaye yeye mwenyewe alileta sanduku hapa nyumbani. Alipiga magoti mbele ya bibi yako, kijana yule mwenye daftari, akasema, "Shikamoo mama. Vimechunguzwa. Havina kosa." Bibi alimpa maji ya kunywa. Aliyanywa yote, akasimama, akaenda zake.

Mwalimu Gideoni alihamishiwa shule ya mbali na hakurudi. Saidi bado yuko barazani, anashona, ila sasa anasubiri mteja aanze kuongea kwanza. Kikundi kilikwisha hivyo. Hakuna aliyekifunga. Hakuna aliyefungua sanduku.

Isipokuwa mimi.

Kwetu mtoto haambiwi kwamba mtu amekufa. Huambiwa amesafiri. Bibi alikuambia hivyo, majirani wakakuambia hivyo, nami sikupinga, ndiyo desturi, na mtoto akikua hutambua mwenyewe bila kuambiwa. Ingetosha kuishia hapo. Lakini mwezi ule ulipata surua. Ulilala siku nne macho yamevimba, hunywi, huli, unaita mama. Bibi alikuwa na kijiko cha uji mkononi tangu asubuhi na uji umeganda. Nilijua nawe unamfuata mama yako. Niliwaza hivyo bila kulia, kama mtu anayehesabu kuku wakiingia bandani.

Nikavuta sanduku. Nikafunga kanga ya bibi kwenye kamba ya nguo, ndani, kona ile ya mtungi. Nikakaa nyuma yake nikampandisha Bi Mtama polepole kama mama yako alivyokuwa anampandisha. Nilikuwa nimesimama karibu na sauti ile miaka minne. Ilitoka bila kuitafuta.

"Mwanangu, umekula?"

Ulifungua macho. Ulisema, "Bado."

Ulikunywa kikombe kizima. Bibi alikunywesha huku anatazama kanga, na machozi yanamshuka mpaka kwenye kikombe. Usiku ule homa ilishuka. Kesho yake uliuliza kwa Bi Mtama, siyo kwangu, "Uko wapi?" Na Bi Mtama akajibu, "Niko Misigiri, nacheza na watoto. Nikimaliza nitakuja."

Hilo ndilo kosa la pili, nami siwezi kulijutia sawasawa, kwa sababu u hai. Ila nilipaswa kukoma ulipopona. Sikukoma. Ulipokataa kuoga, kanga ilipanda. Ulipogombana na mtoto wa jirani, kanga ilipanda. Ulimsimulia mambo ambayo hukunisimulia mimi, nami nilikaa nyuma nikiyasikiliza, na nilikuwa najua siri zako zote bila wewe kuniambia. Nilipotoka nyuma ya kanga ulinitazama kama unavyomtazama mtu aliyeleta kuni. Nilikuwa nimekulea miaka minne na neno "mwanangu" sijalitamka hata mara moja kwa mdomo wangu mwenyewe. Kila mara nilikuwa nimeinua mkono.

Nilichojifunza ni kidogo, na sina hakika kama ni somo. Mtu mwenye aibu hudhani kunyamaza kwake ni kutofanya jambo. Anajiona amekaa pembeni, hajamdhuru mtu. Mimi nilinyamaza mbele ya katibu, na nikanyamaza mbele yako kwa kuongea maneno mengi kwa sauti ya mtu mwingine. Mara zote mbili nilijua neno sahihi. Ukipata kuwa na aibu kama mimi, na naona dalili, kwa kuwa hata sasa hapo nje unawaonyesha viatu bila kuwatazama usoni, sitakuambia uache. Haiachiki. Nakuambia tu kwamba sauti inaweza kutetemeka na bado neno likafika.

Nimefika hapa na sasa naona upumbavu wa barua hii. Wewe utajua kusoma mwakani au mwaka utakaofuata. Basi linapita Misigiri kesho asubuhi. Utamwomba baba yako mshuke. Yeye anadhani unajua, kwani ni nani asiyejua, na atakuambia kweli hapo hapo, katikati ya watu na kuku na mizigo, au atakaa kimya kama mimi. Nimeandika karatasi nne ili nisikuambie. Hii nayo ni kanga.

Jua bado liko juu ya mawe. Naweka kalamu.

*

Nimerudi. Naandika yaliyotokea kama yalivyotokea, ili siku utakapoisoma usije ukayakumbuka vingine.

Nilitoka na Bi Mtama. Nilidhani nitaongea vizuri nikiwa naye. Kisha nikaona nimemvaa tayari mkononi, nikamvua, nikamweka chini juu ya kinu. Niliwaambia watoto wa jirani waende kwao. Uliniuliza kama umekosa. Nikasema hapana. Nikakaa chini kwenye vumbi ili tulingane.

Nilisema, "Leya, mama hayuko Misigiri."

Ulisema, "Amehama?"

"Amekufa. Alipata homa ukiwa mdogo. Kaburi lake ndilo liko huko."

Sauti yangu haikuwa nzuri. Ilikuwa kama ya mtu anayesoma tangazo. Wewe ulitazama kibuyu juu ya kinu, ukanitazama mimi, ukakitazama tena.

"Na yeye?"

"Yeye alikuwa mimi."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Hata ile ya surua?"

"Hata ile."

Ulivua kiatu kimoja, ukatoa kijiwe, ukakivaa tena. Nilingoja ulie, nami labda ningelia pamoja nawe, ila hukulia. Pengine kulia kutakuja kwenye basi, au Shinyanga, mwezi ujao, ukiwa unafua. Kukija kuache. Mimi kilio changu bado nakingoja.

Kisha uliuliza, "Ukisema mwanangu, ulikuwa unasema wewe au mama?"

Hilo sikulipanga. Niliangalia kidole gumba cha mguu, nikakiona, nikainua macho.

"Mimi," nilisema. "Mwanangu."

Uliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji yake sahihi, ukaenda ndani kumwuliza bibi kama kuku wa kupeleka Shinyanga amefungwa miguu.

Nimekwenda kwa baba yako pale alipofikia. Nilimwambia mambo haya nikiwa nimesimama mlangoni. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua kofia. Amesema atamwomba dereva asimame. Mtashuka. Kaburi lina ua wa minyaa aliyoipanda yule katibu, na inasemekana imeshakuwa mirefu kuliko mtu. Utakaa kidogo, kisha mtapanda tena, kama ulivyosema asubuhi.

Nilipokuwa nafunga mfuko wako nilimweka Bi Mtama ndani, katikati ya gauni na shuka, asivunjike. Nimetoka kuchukua mswaki wako, narudi namkuta ametolewa, ametundikwa kwenye msumari wa mlangoni, uso umetazama mkeka wangu. Wewe uko kitandani umejifunika mpaka kichwani, unajifanya umelala na jua halijazama.

Nikakuuliza, "Humchukui?"

"Abaki," ulisema ndani ya shuka. "Nani atakuuliza kama umekula?"

Sikuinua mkono ili Bi Mtama ajibu. Nimekaa hapa namtazama. Kutoka kona hii anaonekana kibuyu, cheupe pale rangi ilipobanduka. Kesho alfajiri kituoni nitakuuliza mwenyewe. Nitasema "Mwanangu, umekula?" mbele ya abiria wote, na wewe ujibu unavyotaka.

Mama yako mdogo,
Rehema